Mangerebbero: namna ya kukikata kitenzi cha Kitaliano kwa visu viwili

Mangerebbero. Ni neno moja tu la Kitaliano, na maana yake ni "wangekula". Mswahili akiliona kwa mara ya kwanza, jicho lake halichelewi kutua hapa: ma-nge-rebbero. Nge hiyo! Ile ile yetu ya masharti, ya ningekula na wangekula, imejibanza ndani ya neno la ng'ambo lenye maana hiyo hiyo. Mwenzangu mmoja wa Malindi, mji ambao Kitaliano kimezoeleka ufukweni na mahotelini, aliwahi kuniapia kwamba Wataliano wameiokota kwetu.

Hawakuiokota. Ni sadfa tupu. N hiyo haiendi na g hiyo, g yenyewe haisomwi g, na alama ya masharti ya Kitaliano imekaa mbali na hapo, karibu na mkia wa neno. Lakini kosa la mwenzangu nalipenda, kwa sababu limebeba makosa yote ambayo sikio la Kiswahili hufanya kwenye kitenzi cha Kitaliano. Lugha hizi mbili zinafanana kwa juu: maneno yanaishia kwa irabu, herufi za irabu ni tano zile zile, silabi zinatiririka. Mfanano huo ndio mtego. Anayetoka kwenye lugha isiyofanana kabisa na Kitaliano hujihadhari. Sisi huingia kama tuko nyumbani.

Neno kama hili hukatwa mara mbili. Kisu cha kwanza hufuata sauti na kutoa silabi: man-ge-reb-be-ro. Kisu cha pili hufuata maana na kutoa mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vyenye maana au kazi: mang-e-r-ebbe-ro. Mikato hiyo hailingani, na haitakiwi kulingana. Si jambo geni kwako. "Anasoma" kwa silabi ni a-na-so-ma. Kwa mofimu ni a-na-som-a, kwa kuwa mzizi ni som- na ile a ya mwisho ni kiishio. Hakuna mwalimu wa Kiswahili anayekubali uchanganye mikato hiyo miwili, na Kitaliano nacho hakikubali. Tuanze na kisu cha sauti.

Hatua ya 1: geuza herufi ziwe sauti

Usikate chochote kabla hujajua kilichoandikwa kinasikikaje. Kitaliano huandika baadhi ya sauti moja kwa herufi mbili au tatu, na herufi hizo hazitenganishwi kamwe. Hizi ndizo za kushika:

- c mbele ya e au i ni "ch" yetu. Ch ya Kitaliano ni "k". Kwa hiyo cena (chakula cha jioni) ni "chena", na che ni "ke". Hapa Waswahili wengi hupinduliwa, kwa sababu ch wanaijua tangu darasa la kwanza na wanaiamini.
- g mbele ya e au i ni "j"; gh ni "g".
- sc mbele ya e au i ni "sh". Sch ni "sk".
- gn ni "ny". Sogno (naota, ya ndotoni) ni "sonyo".
- gli mara nyingi ni sauti ambayo hatuna: weka ulimi mahali pa kutamkia "ny", kisha iache hewa ipite pembeni mwa ulimi kama kwenye l.
- qu ni "kw". H ikiwa peke yake ni bubu: hanno (wana kitu) husomwa "anno".

Sasa angalia i ya mangiare, "kula". Neno husikika "manjare". I hiyo haitamkwi. Imewekwa ili g isomwe j, maana mangare ingesomwa kwa g ngumu. Ndivyo ilivyo pia kwenye lasciare (kuacha, "lashare") na cominciare (kuanza, "kominchare"). Kiishio kikianza na e, kazi ya i hiyo imekwisha, maana e yenyewe inatosha kuilainisha g. Ndiyo sababu ni mangerò, lascerò, comincerò, bila i. Wanafunzi huandika mangierò wakidhani wanahifadhi mzizi. Mzizi ni sauti "manj", nayo haikupungua chochote.

I nyingine, hata hivyo, ni i ya kweli. Inviare ni kutuma. "Natuma" ni invio, mkazo ukiwa kwenye i yenyewe. Hiyo haifutiki: invierò, nitatuma. Sciare, kuteleza kwenye theluji, vivyo hivyo: scierò. Kipimo ni kusema umbo la "mimi" kwa sauti na kusikiliza kama i inasikika; ikisikika haifutiki, hata isipobeba mkazo: studio, studierò. Kwa umbo la "wewe", sikiliza kama i hiyo imebeba mkazo: tu invii ina i mbili, kwa kuwa moja ni ya mzizi na moja ni ya kiishio, tu mangi ina moja, tu studi (unasoma) nayo ina moja, kwa sababu kwenye studio mkazo uko juu ya stu.

Upande wa pili wa sarafu ni pagare (kulipa) na cercare (kutafuta). Hawa wanataka g na k zao zibaki ngumu mbele ya e na i, kwa hiyo wanaongeza h: pagherò, cercherò, paghiamo.

Neno letu, likigeuzwa kuwa sauti za Kiswahili, ni "manjerebbero". Nge imeshatoweka.

Hatua ya 2: hesabu irabu

Kila silabi ya Kitaliano ina irabu yake, na hakuna silabi ya konsonanti tupu kama m- ya "mtu". Mangerebbero ina a, e, e, e, o. Tano, basi silabi tano. Ingekuwa hivyo daima ningefunga ukurasa huu, ila kuna i na u.

Kiswahili kikikutanisha irabu mbili, kila moja huwa na silabi yake: ki-a-zi, mi-a, u-a, ka-a. Kitaliano hufanya hivyo pale a, e na o zinapokutana zenyewe kwa zenyewe: cre-a-re (kuumba), cre-a-no (wanaumba). Lakini i au u isiyo na mkazo, ikikaa kando ya irabu nyingine, kwa kawaida hugandana nayo kuwa silabi moja. Parliamo, "tunasema", ni par-lia-mo: silabi tatu. Suonano, "wanapiga ala", ni suo-na-no. Kama Wataliano wangeazima tahajia yetu wangeandika parlyamo na swonano, kama sisi tunavyoandika mwana wala si muana. Ukiona ia, ie, io, iu, ua, uo, jiulize kama y au w ingefaa hapo.

I au u ikibeba mkazo, gundi inabanduka: in-vi-o, co-stru-i-re (kujenga). Jozi ninayoipenda kuliko zote ni hii ya kitenzi "kuwa":

siamo (sisi ni) – sia-mo, silabi mbili, mkazo kwenye sia
siano (wawe) – si-a-no, silabi tatu, mkazo kwenye si

Herufi moja tu imebadilika, tena huko mwishoni, na muundo mzima wa neno umegeuka. Anayezitamka zote mbili kwa silabi tatu, kama sikio la Kiswahili linavyotaka, hueleweka, ila Mtaliano atajua papo hapo kwamba amejifunza kwa macho.

Hatua ya 3: zigawe konsonanti

Konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: pa-ga-re, ve-ni-re. Hapo huhitaji kufundishwa.

Konsonanti mbili zinazofanana hukatwa katikati: reb-be, ve-des-se, leg-ge-re. Kwa wengi wetu huu ndio mlima, kwa kuwa Kiswahili hakina konsonanti za kushikilia namna hii. Aliyesoma juzuu akiwa chuoni ana nafuu, maana ile alama ya shada ya Kiarabu inadai kitu hicho hicho: funga silabi kwa konsonanti, tulia kidogo, kisha ifungulie silabi inayofuata. Cq nayo ni jamii ya hao: ac-qui-sta-re (kupata, kununua).

Usidhani ni urembo wa matamshi. Linganisha:

mangeremo (tutakula) – man-ge-re-mo
mangeremmo (tungekula) – man-ge-rem-mo

Ahadi na dhana tupu, tofauti yao ni m moja. Ukimwandalia mgeni meza kwa kudhani amesema tutakula, kumbe alisema tungekula kama si ule msongamano wa barabarani, chakula kinapoa. Siri ya kuzitenganisha haiko kwenye m peke yake bali kwenye irabu iliyotangulia. Silabi yenye mkazo ikiwa wazi, yaani inaishia kwa irabu, na si ya mwisho wa neno, Mtaliano huvuta irabu yake: "manjereemo". Silabi ikiwa funge, irabu hukatwa fupi: "manjerem-mo". Sisi tuna tabia ya kuivuta kidogo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mangeremo hututoka vizuri bila juhudi. Ni mangeremmo inayotutaka tujizuie.

Konsonanti mbili tofauti ndizo zenye mtego wa nge. Kwetu n na m zikitangulia konsonanti huambatana nayo: ki-ta-nda, nyu-mba, pa-nga. Mtoto wa shule akikata kit-an-da anarudishwa. Kitaliano ni kinyume: n na m hubaki nyuma na kufunga silabi iliyotangulia. Can-ta-re (kuimba), com-pra-re (kununua), man-gia-re. L na r hufanya hivyo hivyo: par-la-re, vol-ta-re. Usiseme ka-nta-re; funga kan, kisha ta. Ukihitaji mfano wa nyumbani wa silabi funge, chukua maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu: mak-ta-ba, lab-da, taf-si-ri. Itamke n ya can-ta kama unavyoitamka k ya mak-ta-ba, yaani ikiwa mlango uliofungwa.

Kundi ambalo konsonanti ya pili ni l au r, na ya kwanza ni b, c, d, f, g, p, t au v, halikatwi: a-pri-re (kufungua), re-pli-ca-re (kujibu), a-vreb-be-ro (wangekuwa na). Konsonanti zikiwa tatu, kwa kawaida ya kwanza hubaki na mbili huenda: com-pra-re, en-tra-re.

Badala ya kukariri orodha, shika swali moja: je, kundi hili laweza kuanzisha neno la kawaida la Kitaliano? Pr inaanzisha prendere, tr inaanzisha trovare, kwa hiyo hazikatwi. Hakuna neno la Kitaliano linaloanza kwa nt, rl, lt au bb, kwa hiyo hukatwa. Swali hilo linatatua karibu kila kitu, pamoja na s.

S ikifuatwa na konsonanti nyingine huenda nayo mbele: a-scol-ta-re (kusikiliza), re-sta-re (kubaki), co-stru-i-re, man-ge-re-sti (ungekula). Hivyo ndivyo inavyoandikwa, na kwenye mtihani usiandike vinginevyo. Lakini sikio litakuambia jingine. Irabu ya re kwenye resto (nabaki) haivutwi, ingawa kwa maandishi silabi iko wazi. Inakatwa fupi kana kwamba s imeifunga. Na Wataliano husema lo studente, mwanafunzi, wala si il studente, kana kwamba s hiyo inatafuta irabu ya nyuma ya kuegemea. Kwa mkono andika re-sto, kwa mdomo sema kama res-to. Sioni aibu kukiri kwamba kanuni ya maandishi na ya matamshi zimeachana hapa. Ni afadhali ujue kuliko kushangaa.

Basi neno letu: n inafunga man, g (yaani j) inaanzisha ge, bb inapasuliwa, r ya mwisho inakwenda na o. Man-ge-reb-be-ro.

Hatua ya 4: weka mkazo

Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayoasi yanahesabika; mfano wa vitabuni ni barabara ya magari dhidi ya barabara ya "sawasawa kabisa", ambayo mkazo wake hurudi nyuma. Kitaliano kimejaa barabara za aina hiyo. Angalia herufi zile zile c-a-p-i-t-o:

CA-pi-to – natokea, najikuta mahali
ca-PI-to – imeeleweka
ca-pi-TÒ – ilitokea

Maandishi huonyesha mkazo pale tu unapoangukia silabi ya mwisho: capitò, parlò (alisema), mangerà (atakula). Kwingine kote ni lazima ujue mwenyewe. Na hapa kuna kosa moja ambalo, ukilirekebisha, Kitaliano chako kitapanda daraja siku hiyo hiyo.

Ni umbo la "wao". Mswahili anaposoma parlano (wanasema) hutamka par-LA-no, kwa kuwa la ni ya pili kutoka mwisho. Sahihi ni PAR-la-no. Telefonano (wanapiga simu) si te-le-fo-NA-no, ni te-LE-fo-na-no. Mkazo umerudi hadi silabi ya nne kutoka mwisho. Abitano (wanaishi mahali) ni A-bi-ta-no. Dimenticano (wanasahau) ni di-MEN-ti-ca-no. Kwa masikio yetu inasikika kama mtu aliyekosa pumzi, lakini ndivyo.

Njia ya kulishinda ni kutolianza neno kwa wingi. Sema kwanza umbo la mtu mmoja, kisha tua -no au -ro mwishoni bila kugusa mkazo, kama utingo anayepakia mzigo mmoja zaidi nyuma ya gari lililokwisha kuwashwa:

PAR-la, PAR-la-no
A-bi-ta, A-bi-ta-no
par-LA-va, par-LA-va-no
par-LAS-se, par-LAS-se-ro
man-ge-REB-be, man-ge-REB-be-ro

Hata wakati ujao, ambako n inarudufishwa, mkazo haukuhama: man-ge-RÀ, man-ge-RAN-no.

Maumbo ya "sisi" na "ninyi" ni kinyume. Hayo hunyang'anya mzizi mkazo: PAR-lo, PAR-li, PAR-la, lakini par-LIA-mo, par-LA-te. Kwenye mazoezi yasome yote sita mfululizo kwa sauti, usikie mkazo ukienda mbele mara mbili na kurudi nyumbani kwa "wao".

Hatua ya 5: kisu cha maana

Sasa sahau silabi. Kitenzi cha Kiswahili humtanguliza mtu: wa-nge-ku-l-a, wao kwanza, masharti pili, kitendo mwisho. Kitaliano hukigeuza kitambaa upande wa pili: kitendo kwanza, mtu mwisho kabisa. Kwa hiyo kimenye kutoka mkiani.

Chukua kwanza kitenzi kisicho na vurugu, parlavamo, "tulikuwa tukisema":

parl – mzizi, sema
a – irabu ya kundi
va – alama ya jambo lililokuwa likiendelea zamani
mo – sisi

Badilisha mkia tu upate parlavate (ninyi), parlavano (wao). Badilisha irabu ya kundi upate legg-e-va-mo (tulikuwa tukisoma), part-i-va-mo (tulikuwa tukiondoka). Irabu hiyo, a, e au i, ndiyo kitambulisho cha kundi la kitenzi, ile ile unayoiona kwenye -are, -ere na -ire. Inanikumbusha i na e zetu za pik-i-a na som-e-a, ingawa zetu huamuliwa na sauti ya mzizi, na za Kitaliano huamuliwa na ukoo tu: kitenzi kimezaliwa humo basi.

Mangerebbero sasa:

mang – mzizi, kwa sauti "manj"
e – irabu ya kundi
r – alama ya yajayo na ya masharti
ebbe – masharti, nafsi ya tatu
ro – wingi wa nafsi hiyo

Kuna mambo mawili hapa ya kushangaza. La kwanza ni e. Kitenzi ni mangiare, cha kundi la a, kwa nini basi isiwe mangiarebbero? Hiyo ni alama ya vidole ya Firenze, mji ambao lahaja yake ndiyo iliyokuwa msingi wa Kitaliano sanifu. Huko ar isiyo na mkazo kwenye maumbo haya iligeuka er, wakati majirani wao wa Siena walibaki na ar. Matokeo yake, kwenye wakati ujao na masharti, kundi la a na kundi la e havitofautiki kwa irabu: parl-e-rebbero, legg-e-rebbero. Kundi la i tu ndilo linalojitambulisha: part-i-rebbero.

La pili ni ebbe. Si kiambishi kilichotoka hewani. Ebbe lipo kama neno kamili hadi leo, umbo la zamani la kitenzi avere, "kuwa na": ebbe, alikuwa na, ebbero, walikuwa na. Wazee walisema kitendo kisha wakakiunganisha na "walikuwa nacho", mangiare na ebbero, na maneno hayo mawili yakayeyukia pamoja. R unayoiona ni mabaki ya mwisho wa mangiare. Wakati ujao ulizaliwa njia hiyo hiyo: mangiare na ho, "ninacho", zikawa mangerò. Tusiwacheke, maana -ta- yetu ya wakati ujao nayo hutajwa kuwa ni kitenzi kilichokatika mkia, "taka". Mzima wake bado umo kwenye "atakayekuja".

Ukishajua hayo, maumbo sita hayahitaji kukaririwa kama aya:

mangerei – ningekula – man-ge-REI
mangeresti – ungekula – man-ge-RE-sti
mangerebbe – angekula – man-ge-REB-be
mangeremmo – tungekula – man-ge-REM-mo
mangereste – mngekula – man-ge-RE-ste
mangerebbero – wangekula – man-ge-REB-be-ro

Mkazo uko palepale katika yote sita, kwenye irabu inayoifuata r. Sasa viweke visu viwili sambamba uone vinavyopishana. Silabi reb ina r ya mofimu moja na eb ya mofimu nyingine. Mofimu ebbe imepasuliwa kati ya silabi mbili. Silabi ya ge imebeba g ya mzizi na e ya kundi. Mipaka ambayo visu vyote viwili vinakubaliana ni miwili tu: ule wa baada ya mange na ule wa mbele ya ro.

Vitenzi vilivyojikunja

Vingine hufupisha mahali pa kuungana. Avere hutupa e yake: avrebbero, a-vreb-be-ro. Andare (kwenda): andrebbero, an-dreb-be-ro. Vivere (kuishi): vi-vreb-be-ro. Volere (kutaka) na venire (kuja) huenda mbali zaidi. L na n za mizizi humezwa na r na kuwa r mbili: vor-reb-be-ro, ver-reb-be-ro. Hapo kisu cha maana hakiwezi kupita safi, kwa kuwa r ya kwanza ni mzizi uliovaa nguo za jirani. Andika vor-r-ebbe-ro, ujue moyoni kwamba vor ni vol.

Sono, sei, è, za "kuwa", usizikate. Zimechakaa kiasi kwamba kila moja imebaki kipande kimoja cha kumeza kizima.

Viwakilishi vinavyodandia nyuma

Sisi humweka mtendwa kati: u-ni-letee. Kitaliano, kwenye amri na kwenye baadhi ya maumbo mengine, humdandisha nyuma ya kitenzi, na abiria huyo pia hana uzito wa kuhamisha mkazo. Porta (lete), portami (niletee), portamelo (niletee hicho): POR-ta, POR-ta-mi, POR-ta-me-lo. Mi imegeuka me kwa sababu imefuatwa na lo. Amri fupi sana humlazimisha abiria arudufishe konsonanti yake: di' (sema) na mi na lo hutoa dimmelo, dim-me-lo, "niambie hilo". Hapo m ya pili haina maana yoyote ya kisarufi. Ni sauti tu, na kisu cha maana hakiioni.

Mwisho wa mstari

Ukiandika kwa mkono na neno halitoshi, kata kwa silabi, kamwe si kwa mofimu: parla-vamo sawa, parl-avamo hapana. Watu wa uchapaji hawapendi kuacha irabu moja peke yake mwisho wa mstari, a- ya ascoltare kwa mfano, hata kama silabi inaruhusu. Penye alama ya ritifaa, konsonanti huenda na neno linalofuata: del-l'ac-qua.

Jipime

Funika mstari wa chini, ukate kila neno kwa visu vyote viwili, useme na mkazo.

ascolterebbero (wangesikiliza)
a-scol-te-REB-be-ro, ascolt-e-r-ebbe-ro

inviavano (walikuwa wakituma)
in-vi-A-va-no, invi-a-va-no. Mkazo umeikimbia i, lakini ni i ya mzizi inayobeba mkazo kwenye invio, kwa hiyo hata hapa haigandani na a.

costruissero (kama wangejenga)
co-stru-IS-se-ro, costru-i-sse-ro

spiegandoglielo (kwa kumweleza hilo)
spie-GAN-do-glie-lo, spieg-a-ndo-glie-lo. Abiria wawili nyuma, na gan bado ameshika usukani.

scegliessimo (kama tungechagua)
sce-GLIES-si-mo, scegli-e-ssi-mo. Ukiandika sceg-li, rudi hatua ya kwanza.